Jina la Watiri Kwenye Kahawa

Mwende alikuwa mtu wa Kitui, lakini kazi ilimleta Nyeri katikati ya miaka ya tisini, katika kituo kidogo cha utafiti wa kahawa nje ya mji. Waliojua kuandika programu pale walikuwa yeye na mwenzake Maxwel tu, na kompyuta zao zilizimika kila stima ilipopotea.

Wakati huo kahawa ilikuwa ikioza mitini ikiwa bado mbichi. Mkubwa wao, Daktari Gatimu, alikusanya majani ya miti michache iliyoonekana kuushinda ugonjwa huo. Wenzao wa Ulaya walisoma chembe za urithi za kila mti, na matokeo yakarudi kama mlolongo mrefu wa herufi. Herufi hizo peke yake hazikumwambia mtu mti ulimea wapi wala ulikuwa wa nani. Ndipo Mwende akatengeneza kiolesura, mlango ambao programu zote za kituo zilipitia ili kubandika maelezo kwenye kila sampuli: huku ufunguo, kule thamani yake. Mahali: Mukurweini. Mwenye mti: Watiri. Hakuweka mpaka, ufunguo wowote ulikubalika. Mlango wenyewe ulijua amri tatu tu: weka, soma, ondoa.

Watiri alikuwa mjane wa Mukurweini. Mti wake mmoja, kando ya choo, ulibaki safi mwaka ambao shamba zima la jirani lilioza. Mwanzoni alikataa jani lake hata moja liguswe.

“Watu wa ofisi walichukua ng’ombe ya dada yangu ati wanaenda kuipima,” alisema. “Hata kamba haikurudi.”

“Mama, jina lako litashikana na haya majani,” Mwende alimwambia. “Yakifika Ulaya, nalo litafika.”

“Hata wazungu wataona Watiri?”

“Wataona.”

Watiri alicheka hadi akashika kiuno, kisha akakata matawi kwa mkono wake na kumfungia Mwende nduma za kubeba. Tangu siku hiyo Mwende hakupita Mukurweini bila kuingia pale kunywa uji. Kanisani, Watiri aliwaambia wenzake kwamba yeye yuko ndani ya kompyuta. Wengine walimcheka. Hakujali.

Orodha ya sampuli na maelezo yake ilipokuwa tayari kupelekwa Ulaya, Gatimu alimwita Mwende ofisini.

“Toa majina ya wenye miti.”

“Kwa nini, Daktari?”

“Sampuli ni za kituo. Wakulima wakianza kudai hiki na kile, hatutafanya kazi.”

“Lakini nilimwahidi yule mama wa Mukurweini.”

“Ulimwahidi ukiwa nani?”

Mwende alikataa kugusa kompyuta. Maxwel ndiye aliyeivuta karibu. Aliandika mistari michache iliyozunguka sampuli moja baada ya nyingine ikitoa amri ile ya tatu, ondoa, kisha akafuta hata nakala ya akiba. Programu ilitii bila kuuliza, kwa sababu Mwende aliitengeneza iwe hivyo.

“Pole, Mwende,” Maxwel alisema bila kumtazama. “Niko na watoto.”

Mwende angeweza kunyamaza. Badala yake alishuka Mukurweini Jumamosi hiyo na kumweleza Watiri kila kitu, wakiwa wamesimama uani.

“Kwa hivyo sasa ni majani ya nani?” Watiri aliuliza.

“Yana namba tu.”

“Hiyo mashini, si ni wewe ulitengeneza?”

“Ni mimi.”

“Na ukaweka mahali ya kutoa jina ya mtu?”

Mwende alianza kueleza kwamba lazima pawe na njia ya kufuta, maana watu hukosea wakiandika. Ilikuwa kweli, lakini alijisikia kama anayetafuta kisingizio, akaacha katikati. Watiri alimwambia aende salama. Siku hiyo hakumsindikiza hadi barabarani.

Mwaka uliofuata Ulaya waliandika: sampuli moja ilikuwa tofauti kabisa na zingine zote, kituo kiwapelekee majani mabichi. Ufunguo wa mahali haukuwa umefutwa, ulisema Mukurweini. Mti wa huko waliouchukulia majani ulikuwa mmoja. Gatimu akampakia Mwende kwenye gari la kituo.

Kando ya choo walikuta migomba michanga. Mti ulikuwa umeng’olewa na mizizi yake, ukawa kuni za kupikia githeri, mahindi na maharagwe.

“Mama,” Gatimu alifoka, “unajua kung’oa kahawa ni kosa kisheria?”

“Nishtaki,” Watiri alisema. “Lakini utaandika ni nani aling’oa? Si mlisema hapa hakuna mtu?”

Hakumtupia Mwende jicho hata mara moja.

Mkataba wa Mwende ulipoisha haukuongezwa. Maxwel alipelekwa Ulaya kusoma zaidi, akabeba na ule mlango wa programu alioutengeneza Mwende. Mukurweini kahawa iliendelea kuoza, na Watiri akabaki bila mti wa pekee uliokuwa ukimzalia. Mwende alipata kazi Kutus, akifundisha makarani kupiga chapa.

Siku moja ya soko Karatina alimkuta Watiri amekaa nyuma ya rundo la ndizi. Akainama, akamsalimu kama zamani, “Habari yako, mama?”

Watiri aliinua uso, akamtazama vizuri, akaufuta mkungu kwa kitambaa.

“Karibu, kastoma,” akasema. “Unataka za kupika ama za kuiva?”