Jedwali la Mama Profesa

Siku ile naikumbuka hata sasa, mwanangu. Nilikuwa asistanti kijana katika chuo kimoja hapa Bunia, na konferansi ya takwimu ilikuwa imeleta wasemaji wawili wakubwa. Mmoja alikuwa muzee profesa kutoka Kinshasa, mutu wa suti na Kifaransa kirefu. Mwingine alikuwa Mama Profesa, mzaliwa wa Bambu, aliyefundisha ng'ambo miaka mingi. Hawakupendana. Tangu asubuhi kila mmoja alikuwa akikosoa hesabu za mwenzake mbele ya watu. Mimi nilikaa kwenye kompyuta, kazi yangu kuonyesha kurasa zao ukutani.

Mama alieleza namna alivyohesabu familia zilizokimbia mauaji ya kikabila kule Djugu na kuingia kambini, wanakula nini, watoto wanasoma au hapana. Alipomaliza, mukubwa mmoja wa serikali akasimama.

"Asante, Mama. Sasa tuonyeshe kabila kwa kabila. Kambi gani iko na watu gani?"

Weye umezaliwa hapa. Sina haja ya kukueleza swali kama lile linaweza kuzaa nini.

"Hiyo sitaonyesha," Mama akajibu.

"Hukuuliza?"

"Niliuliza. Walinijibia kwa sababu niliwaahidi haitatoka."

Mukubwa akanigeukia. "Kijana, fungua hiyo tablo, hilo jedwali la makabila."

Nikamtazama Mama, nikamtazama mukubwa. Ndipo muzee wa Kinshasa akainuka. Nilidhani anakuja kummaliza mpinzani wake.

"Miye na huyu mama hatuelewane," akasema. "Namna yake ya kuchagua nyumba za kuuliza, siipendi hata kidogo. Lakini akifungua hiyo, kesho hakuna mutu atanijibia hata miye."

Akafika mezani kwangu, akafunga kompyuta kwa mukono wake. Hotuba yake, iliyokuwa humo, akaitoa kwa kichwa tu, ikawa fupi.

Mukubwa alitoka na watu wake. Sijasikia kama Mama alialikwa tena. Wale wawili nao hawakugeuka marafiki. Mchana walibishana tena juu ya zile nyumba za kuuliza.

Jioni nilimsindikiza Mama mpaka mtaa wa Ngezi, kwa ndugu zake. Nikamuuliza kama aliogopa.

"Sana. Lakini ule mukubwa atalala kwake. Ule mama mwenye alinijibia, atalala mulemule kambini."

Akaingia ndani.

Sasa weye ndiye unasomea kazi hiyo ya takwimu, mwanangu. Watakupa kiti cha mbele, watakupigia makofi. Pokea, hakuna ubaya. Lakini mutu akikupa jibu kwa kukuamini, lilinde, hata mbele ya yule aliyekualika. Na ukiona mwenzako analinda la kwake, simama naye, hata kama humpendi.

Mungu akutunze barabarani, akupe wa kusimama nawe, na kila nyumba utakayopiga hodi ikuitikie karibu.