Samaki wa Banalia Ambao Hawakutoka Banalia

Mwaka wangu wa mwisho wa biolojia chuoni, kazi yangu ilikuwa kukata mapezi ya ngolo, yule kambare wa kwetu. Nilikata kipande kidogo, nikakitia katika kichupa cha alkoli, nikaandika samaki alikotoka. Nilitaka kujua kama ngolo wa vijito vya Banalia, vyenye kivuli na maji baridi, wametofautiana kwa vinasaba na wale wa mto mkubwa hapa Kisangani.

Profesa alitueleza kwamba kuna bahari zenye barafu ambako samaki wana kitu katika damu kinachoizuia isigande. Hawakukipata kwa siku moja. Waliozaliwa nacho waliishi, wengine walikufa, vizazi na vizazi.

Nilimsimulia papa, yaani baba yangu, mvuvi wa Lubunga, ng'ambo ya mto, alipokuwa akishona wavu.

“Barafu kabisa?” aliuliza. “Na hawahami?”

“Wanazaa mule mule, papa.”

“Bon. Wakae huko huko.”

Mwezi ule mvua iliharibu barabara ya Banalia. Nikanunua ngolo sokoni, kwa mama mmoja aliyeniambia wametoka Banalia asubuhi ile. Nikavuka nao mto kwa pirogi, wakiwa hai ndani ya beseni, nikaanza kukata nyumbani.

Papa akamwinua mmoja, akamgeuza.

“Huyu umemutoa wapi?”

“Banalia.”

“Hapana. Huyu iko wa hapa. Angalia kichwa, kipana. Ngozi rangi ya muchanga. Wale wa kijito wako weusi, wembamba.”

“Papa, rangi ya samaki inabadilika na maji. Macho hayatoshi.”

Nilichosema kilikuwa kweli, lakini nilikisema kwa ukali, kwa sababu vichupa vilikuwa vimeshajaa na tarehe ya kuwasilisha ilikuwa karibu. Papa alimrudisha samaki katika beseni na kwenda zake.

Siku tatu sikuvigusa vichupa. Siku ya nne nikarudi sokoni. Nilipomwuliza samaki walitoka wapi hasa, yule mama hakuona haya.

“Wateja wanapenda kusikia Banalia,” alisema. “Wewe ulikuwa unataka kula ao kusoma?”

Nikaenda kwa profesa na vichupa vyote, nikamweleza. Alisoma “Banalia” kwa mwandiko wangu, kimoja baada ya kingine.

“Mwaga,” alisema. “Utapita kikao cha pili cha mitihani.”

Maana yake wenzangu wangevaa majoho bila mimi. Nililia njiani, kisha nikavuka mto kumwomba papa msamaha. Aliniuliza tu barabara ikoje sasa.

Ilipokauka, tulikwenda kwa pikipiki, papa nyuma yangu akiwa amekumbatia mitego. Alichagua kijito ndani ya msitu. Niliposimama majini miguu iliuma kwa baridi, na papa alicheka mpaka akakohoa. Tulikaa siku mbili. Kila ngolo niliyemkata nilikuwa nimemtoa mtegoni kwa mkono wangu. Walikuwa weusi, wembamba.

Majibu ya maabara yalichukua miezi. Wale wa kijito walitofautiana kweli na wa mto, ingawa kidogo. Profesa alinionya nisiseme ni baridi iliyofanya hivyo. Inaweza kuwa umbali, au maporomoko yanayowatenga, na mimi nilikuwa na kijito kimoja tu. Niliandika hivyo hivyo.

“Donc nilisema kweli?” papa aliuliza.

“Kuhusu mahali, ndiyo. Sababu hatujaijua.”

“Sababu utaitafuta wewe. Miye niliona samaki tu.”

Siku ya kutetea kazi, papa alikaa nyuma kabisa, akiwa na shati lake la kanisani. Mwalimu mmoja aliuliza nina hakika gani samaki walitoka Banalia. Nilimwambia ukweli wote: wale wa kwanza, yule mama wa soko, vichupa vilivyomwagwa, na mtu aliyenionyesha kosa. Walitaka kujua ni nani. Nikamwonyesha kwa mkono, na papa, akidhani ameitwa, akasimama.