Kahawa ya Sitti Iliyonishinda

Iliki ikipondwa tu, popote nilipo, mimi husimama. Juzi nilikuwa Marikiti kununua nazi, mwenye duka akawa anatwanga iliki, nikasahau nazi na nilichotumwa, nikabaki nimeduwaa katikati ya njia hadi mchukuzi mmoja akanifokea, "Mama, pisha!" Harufu ile kwangu si ya mahamri wala ya chai. Ni ya Jeddah, ya kahawa yao ile nyeupe, yenye rangi ya maji ya mchele, chungu kama shubiri.

Tuliishi Ghulail, mtaa wa huko Jeddah ambao ukipiga chafya dirishani unaombewa dua kwa Kihausa, Kisomali na Kiswahili. Baba alikuwa fundi wa mashine za hospitali, kwa mkataba. Mama alikaa nyumbani, na roho yake yote ilikuwa kwa mdogo wake, mama mdogo Zuhura, aliyekuja Saudia ile miaka ambayo wasichana wa kwetu waliondoka makundi kwa makundi, na Kisauni nzima kila kona ilikuwa na ajenti wake. Wenzake wengi waliangukia Riyadh, kwa madamu waliofungia simu kabatini. Yeye Mungu alimwangalia, akaangukia kwa Sitti.

Sitti alikuwa bikizee wa ukoo mkongwe wa Jeddah. Magoti yalikuwa yamemgomea, macho yamefifia, ila ulimi, wallahi, ulikuwa kama wa msichana. Mama mdogo ndiye aliyemwogesha, akamsuka nywele, akamchambulia samaki miiba, akamshika mkono kwenda kuswali. Kila Ijumaa baada ya alasiri mimi na mama tuliruhusiwa kwenda kumwamkia, jambo ambalo wenzake mama mdogo hawakulipata hata kwa dawa.

Nilichopenda mimi kwenye nyumba ile ni ukuta wa sebuleni. Ulijaa wazee wa ukoo, watu waliotajika Jeddah tangu enzi za masultani. Wa kwanza hakuwa na picha, maana picha hazikuwako. Alikuwa na fremu yenye kipande cha kilemba chake, na Sitti akikiita "babu" kana kwamba kilikuwa na masikio. Yeye ndiye aliyekuja kutoka bara ya mbali, Najd, na ngamia na njaa, akafa tajiri. Alifuatiwa na kadhi mwenye ndevu mpaka kifuani, aliyeogopwa na mji mzima lakini akiogopa paka. Halafu tajiri aliyefungua ghala lake mwaka mahujaji walipokwama bila chakula, akawapikia mpaka mkewe akarudi kwao kwa hasira. Halafu tabibu wa macho aliyesomea Misri, na mshairi ambaye, kwa maneno ya Sitti, "hakufanya kazi hata siku moja, lakini mazishi yake yalifunga barabara."

Siku moja nilimuuliza mbona hakuna mwanamke ukutani. Alicheka hadi mama mdogo akaja mbio na maji. "Wao walikuwa jikoni, binti yangu," akasema, "wakiwapikia hawa umashuhuri."

Basi mwaka mmoja Bibi yetu Kisauni alipooza upande mmoja. Kila akipigiwa simu alikuwa akitaja jina moja tu, Zuhura, Zuhura, kitindamimba wake. Mkataba wa mama mdogo ulikuwa umeshakwisha, lakini Saudia huamki tu ukaenda. Ruhusa ya kutoka hutolewa na kafili, mwajiri ambaye jina lake limo kwenye ikama yako, kile kibali cha kuishi huko, na kafili wa mama mdogo alikuwa mtoto wa Sitti, bwana mkubwa mwenye kazi yake Riyadh. Paspoti alikuwa nayo yeye. Kila akiombwa, jibu lilikuwa lile lile: subiri apatikane mwingine. Na mwingine hapatikani. Mama mdogo akawa anapika huku machozi yanamtoka, akisingizia vitunguu. Mimi mtoto, lakini vitunguu nilivijua.

Ijumaa moja tukamkuta bosi mwenyewe, huyo mtoto wa Sitti, yupo. Mama akaninong'oneza mlangoni, "Leo ukae kama picha. Mambo ya Bibi usiyataje, yasije yakaharibika zaidi." Kwa kuwa bosi alikuwapo, kahawa ilitoka kwa heshima zake zote, dele la shaba na vile vikombe vidogo visivyo na mkono. Akamimina mwenyewe. Kwa Sitti, kwa mama, na Sitti akasema, "Na binti pia. Yeye si mgeni?" Bosi akacheka, akanimiminia.

Sasa mimi nilikuwa nimelelewa Kiswahili. Kitu cha watu hukikatai. Unakipokea kwa mkono wa kulia, unashukuru, na kikikushinda unakiweka chini taratibu, kana kwamba unangoja kipoe. Ndivyo nilivyofanya. Nilipokea, nikashukuru, nikainusa, nikakitua mbele yangu kikiwa kimejaa pomoni, nikakunja mikono mapajani kama mtoto mwenye adabu zake.

Bosi alibaki na dele mkononi. Sitti akainama, akakitazama kile kikombe kwa macho yake mabovu, akaniuliza polepole, "Mbona hunywi, binti?"

Ningesema ni chungu? Mama angenichinja.

"Una ombi kwetu?" Sitti akauliza. "Sema. Unataka nini?"

Jamani, mtoto akiulizwa anataka nini, atajibu nini? Nilimwangalia mama, naye amekauka. Nikasema, "Nataka mama mdogo aende nyumbani akamwone Bibi."

Mama akajipiga paja. Bosi akacheka kicheko cha kulazimisha, akamgeukia mama yake. "Yumma, huyu mtoto tu. Hajui alichofanya."

"Kikombe kamimina nani?" Sitti akamuuliza.

"Mimi."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba nimekanyaga kitu. Kwao, kama walivyotufafanulia baadaye, mgeni akikiweka kikombe chini bila kuonja, amekuja na haja. Mwenyeji akimwambia "kunywa," ameshakubali. Na mgeni akiondoka kikombe kikiwa kimejaa, ni fedheha itakayosimuliwa.

Sitti akainua kidole kuelekea ukutani, akakosea kidogo, akaelekeza dirishani, lakini tulimwelewa. "Niambie ni yupi kati ya hawa aliyemwacha mgeni aondoke na kikombe kimejaa. Mtaje. Nimshushe leo hii."

Bosi aliwatazama wale wazee mmoja mmoja. Mimi nilimtazama kadhi na kumwombea paka wasimsumbue. Mlangoni mama mdogo alikuwa ameshikilia sinia la tende. Mwishowe bosi akashusha pumzi, akaniinamia, na nitamsifu kwa hili, hakukunja uso. "Kunywa, bint," akasema.

Na hapo nikaumbuka, kwa sababu sasa ilinibidi niinywe! Niliinywa yote, uchungu wake na makapi yake, huku mama analia na mama mdogo analia na mimi nalia, kila mtu kwa sababu yake.

Mama mdogo aliondoka kabla ya Ramadhani. Alimkuta Bibi yu hai, akamlisha uji kwa mkono wake mfungo mzima, na Bibi akaenda zake baada ya Idi, kichwa kikiwa mapajani mwa Zuhura wake. Mimi nilikua nikijisifu. Kwenye kila shughuli nilisimulia jinsi nilivyomshinda kafili kwa kikombe kimoja, na bosi nikimpaka matope kila mara, dhalimu asiye na huruma.

Mpaka mwaka jana, nikiisimulia tena mbele ya mama mdogo, akaniambia nyamaza. Akasema bosi hakuwa dhalimu. Aliogopa tu, kwa sababu Sitti alikuwa hakubali kuguswa na mikono mingine yoyote, na waliojaribu kabla yake aliwafukuza. Siku ya kuondoka, alipomaliza kumsuka mara ya mwisho, mama mdogo alimuuliza, "Sitti, sasa nani atakuogesha?" Yeye akamjibu, "Yalla, ndege itakuacha." Halafu akamvuta kanga, akamwambia kwa sauti ya chini:

"Yule mtoto wako hakuwa na ombi lolote. Kahawa ilimshinda, niliona tangu alipoinusa. Ombi lilikuwa langu, na mama hawezi kumwekea mwanawe kikombe chini."