Babikir, mchimba visima aliyejifunza kuogopa kwa Kirundi

Saa mbili asubuhi, mlimani Gihosha, jijini Bujumbura, Babikir Siddig anafunga kamba kiunoni, anaijaribu kwa uzito wake wote, kisha anashuka. Kisima kimefika mita tisa. Kutoka juu huoni ila utosi wake na ncha ya sururu ikipanda na kushuka.

Juu, kwenye kapi la kupandishia udongo, yupo Jovithe. Mguu wake wa kulia haukunjiki vizuri, kwa hiyo anasimama ameunyoosha pembeni kama mtu anayezuia mlango. Haondoi macho yake ukingoni. Jirani akipita na kumsalimia, anaitikia bila kugeuka.

"Mi siangalii yeye," anasema Jovithe. "Naangalia udongo. Yeye anajiangalia."

Babikir, mwenye miaka thelathini na minane, ni mwenyeji wa Kordofan, Sudan, ambako baba yake pia alichimba visima. Vita vilipowatawanya, mkewe Nafisa aliangukia kambini nchini Uganda pamoja na watoto. Yeye alifuata binamu aliyekuwa na duka Bujumbura, akafika akakuta duka limefungwa na binamu ameshaondoka.

Kiarabu chake kilimsaidia msikitini tu. Kazini kilikuwa mzigo. Fundi mmoja wa mtaa wa Mutakura alimwuliza swali kwa Kiswahili, Babikir akatabasamu, na tabasamu hilo likamkosesha kibarua.

Aliyempokea ni Bonfils, mkandarasi mdogo wa visima na vyoo. Akamweka pamoja na Jovithe, mzaliwa wa mtaa wa Kamenge. Wakawa wanapokezana, mmoja chini na mwingine juu, wakizungumza kwa vidole na Kiswahili cha kuokoteza. Hivyo walichimba visima vinne bila tatizo.

Cha tano kilikuwa hapa hapa Gihosha, mwishoni mwa mvua za masika. Ilikuwa zamu ya Jovithe kuwa chini. Yapata adhuhuri, Babikir aliona ufa mwembamba ukitembea kwenye ukingo, kama uzi unaofumuka.

Neno "toka" alikuwa akilijua. Alilisikia kila siku mtaani. "Lakini siku ile lilikimbia," anasema. "Ulimi ulirudi nyumbani bila mimi."

Alichopiga kelele ni "Atlaa! Atlaa!", yaani 'panda, toka huko', kwa Kiarabu cha kwao. Jovithe aliinua uso, akamtazama, kisha akainama na kuendelea kuchimba. Udongo ukashuka.

Vumbi lilipotulia, Jovithe alikuwa amefukiwa hadi kifuani, mdomo wazi, hewa ikiingia kwa shida. Bonfils alikuja mbio akimkataza mtu yeyote kushuka. Babikir alikuwa ameshafunga kamba kwenye mti wa parachichi na mguu mmoja uko ndani.

Alichimbua kwa vidole, kwa kuwa chepe lingemkata mwenzake. Kila konzi aliyoitoa ilifuatwa na nyingine kutoka ukutani. Majirani waling'oa mlango wa jiko wakaushusha kwa kamba, naye akaukandamiza ukutani kwa mgongo huku akijaza ndoo. Jovithe alikuwa akisali kwa Kirundi. Babikir naye alisali kwa lugha yake. Alasiri ndipo wakamtoa, paja limevunjika.

Pale pale, mikono ikimtoka damu, Babikir alifukuzwa kazi.

"Mutu analia Kiarabu juu ya shimo, watu ba hapa batasikia nini?" Bonfils alimwambia. "Usirudi."

Kesho yake Babikir alikwenda hospitali. Mlangoni alikutana na Chanelle, mke wa Jovithe.

"Umekuja kuangalia kama amekufa?"

Babikir akarudi zake. Siku iliyofuata akaenda tena, akasimama uani. Siku ya tatu, Jovithe alimwona kupitia dirisha na kusema, "Chanelle, mwache aingie."

Ndipo Jovithe akauliza lililokuwa likimsumbua. "Siku ile, ulikuwa unaomba?"

"Apana. Nilikuwa nasema toka."

"Mi nilisikia 'Allah, Allah'. Nikawaza, ni saa yake ya kusali. Nikakuachia nafasi usali."

Jovithe alicheka mpaka mguu ukamuuma. Chanelle hakucheka.

Miezi ilipita. Babikir alisomba matofali alipopata, na siku nyingine alilala bila kula. Jovithe alipoacha magongo, mtu alimtafuta amchimbie kisima. Akajibu kwamba chini hawezi tena kushuka, na kwamba atashusha mtu mmoja tu, yule Msudani.

Chanelle alikataa katakata. Mwishowe akaweka sharti. Wachague neno la Kirundi, *vamwo*, toka humo, ambalo hata mtoto anayepita angelielewa. Na yeye ndiye angempima Babikir, mpaka neno hilo limtoke akishtuka.

Alimpima bila kumwonya. Babikir alipokuwa akila kwao, Chanelle aliangusha sufuria nyuma yake. Kilichomtoka kilikuwa Kiarabu. "Bado," akasema. Wiki nyingine alimwagia maji mgongoni. Kiarabu tena. "Bado."

Ilipita karibu mwezi. Jioni moja paka aliruka kutoka darini, hakupangwa na mtu, na Babikir akaruka akipiga kelele, "Vamwo!"

Chanelle aliendelea kuchambua mchicha. "Kesho mwende," akasema.

Sasa Babikir na Jovithe wanajitegemea. Mwezi uliopita walikataa kazi Kamenge kwa sababu mwenye nyumba hakutaka kununua pete za zege za kushikilia ukuta. Wanataka kupata kalibu yao, wazifyatue wenyewe.

Nafisa na watoto wanatarajiwa kabla ya mvua, wakipitia Tanzania. Nafisa hajui lolote kuhusu siku ile. Anajua mumewe anachimba na kwamba yu mzima.

"Kwa simu atalia, na mi niko mbali," anasema Babikir. "Akifika nitamwambia mwenyewe."

Chanelle ameshasema kwamba siku hiyo atakuwepo.

"Kiarabu sijui," anasema. "Lakini ile woga naijua. Nitakaa naye."