Mpishi wa mbwa wa Mtwapa na sahani ya mama yake

Saa mbili asubuhi, Mtwapa. Dalila Husein ameketi kwenye kigoda uani kwake, mbele yake karai la samaki aina ya vibua waliochemshwa. Anawapasua kwa vidole, anatoa uti wa mgongo, kisha anapapasa nyama polepole kutafuta miba midogo iliyobaki. Hatumii kisu. Anasema kisu hakina hisia.

"Mwiba ukinichoma mimi, basi umepatikana," anasema bila kuinua macho. "Ukimchoma mbwa kooni, nani atamuuliza unaumia wapi?"

Kando yake sufuria kubwa ya wali na boga inatokota. Hamna chumvi humo, hamna kitunguu, hamna bizari. Mgeni akipita anaweza kudhani nyumba hii ina mgonjwa. La, ni chakula cha mbwa, na kikiiva kitapelekwa kikiwa vuguvugu kwenye malango ya Mtwapa na Shanzu, ambako mbwa kumi na wanane hula kutoka jiko hili kila siku.

Katika miaka sita ya kazi hiyo, Dalila hajamgusa hata mmoja wao.

"Mimi na wao tunapendana kwa mbali," anasema, na kucheka.

Dalila, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, ni Mbajuni wa kisiwa cha Chovae, kusini mwa Kismayo, pwani ya Somalia. Kwa watu wake, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo amejitungia utaratibu. Chakula hukibeba kwenye ndoo yenye kifuniko. Akifika langoni hagongi. Huita jina la mbwa. Mwenye nyumba huweka bakuli chini, naye huchota kwa upawa na kumimina kutoka juu, mkono ukiwa umenyooka. Ndoo haitui chini, na bakuli la mbwa halivuki lango kuja upande wake.

Wateja wamezoea. Mbwa nao wamezoea; kuna jibwa moja la Shanzu ambalo likisikia sauti yake huketi lenyewe na kungoja zamu.

Kazi hii imemlipia Dalila kodi ya nyumba na karo za watoto, naye huishukuru kila anapoitaja. Lakini ina kidonda chake, na kidonda hicho hupita mbele ya mlango wa jiko lake kila adhuhuri. Ni sahani iliyofunikwa kwa kawa, inayobebwa na wifi yake Ummi, mke wa kaka yake, kutoka nyumba ya pili. Sahani hiyo ni ya mama yake Dalila, Bi Mwanaharusi, anayeishi nyumba moja naye na asiyekula chakula chake.

"Nalisha viumbe kumi na wanane mpaka washibe," anasema Dalila. "Na yule aliyejinyima ili mimi niishi, nashindwa kumpa hata tonge."

Hasemi hivyo kwa kupamba maneno. Alijinyima kweli.

Kabla ya vita, Bi Mwanaharusi alikuwa mwanamke anayejulikana kutoka Chovae hadi soko la Kismayo. Yeye hakuvua, alichagua. Mashua zikitua, ndiye aliyesimama juu ya marundo akisema huyu aende sokoni, huyu atiwe chumvi awe ng'onda, huyu arudishwe baharini. Samaki akishapita mkononi mwake, wachuuzi hawakumuuliza tena.

Mwaka 1991 vita vilishuka mpaka visiwani. Watu wenye bunduki walichukua injini na nyavu, wakarudi wakachukua hata masufuria. Baba yake Dalila alikuwa ameshafariki. Bi Mwanaharusi aliwashika wanawe wawili, Dalila wa miaka kumi na kaka yake Nasrudin, akapanda nao mashua ya jamaa iliyokuwa ikielekea Kiunga, upande wa Kenya.

"Tulijaa humo kama dagaa," anakumbuka Dalila. "Mama alikuwa na kipande kimoja cha ng'onda ya papa kwenye pindo la leso. Anakata, anatugawia mimi na kaka. Nikimwambia, mama nawe kula, ananiambia mimi nimeshiba. Yeo nimeshiba, kesho nimeshiba. Tulipofika Kiunga akasimama kushuka, miguu ikamwangusha. Mwanamke mmoja wa pale, jina lake hata hatukulijua, akaja na uji, akamnywesha kijiko kwa kijiko. Ndipo nikajua kuwa mama hakuwa ameshiba."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Dalila anasema tangu siku ile alijiwekea nadhiri kwamba akikua, mama yake hatalala na njaa, na chakula chake kitatoka mkononi mwake yeye.

Ikaja miaka ya kambi ya wakimbizi, Mombasa, foleni za unga na maji. Kisha Mtwapa, ambako Dalila aliolewa, akawa anafua nguo katika nyumba za watu. Moja ya nyumba hizo ni ya Mwalimu Kadzo, mwalimu mstaafu anayeishi peke yake na mbwa wake Bosi.

Bosi alikuwa anajikuna mpaka manyoya yanang'oka. Alikuwa akila ugali mkavu na chakula cha kupimwa kwa kilo kutoka gunia lililoachwa wazi dukani. Mwalimu akamwomba Dalila awe anampikia kidogo akimaliza kufua.

Hapo ndipo Dalila alipofanya kosa ambalo, kwa maneno yake, "lingefanywa na Mbajuni tu". Alimpikia Bosi kwa heshima. Alileta ng'onda kutoka nyumbani, akakaanga vitunguu vingi, akakamua tui zito, akaonja chumvi, akaongeza.

"Kwetu, kumpa mchu chakula kisicho na chumvi ni kumdharau," anasema; mchu kwa Kibajuni ni mtu. "Mwalimu alinifanyia wema mwingi. Ningempikiaje mbwa wake kitu cha ovyo?"

Bosi alilamba bakuli likang'aa. Siku ya pili alitapika. Akaendelea kupewa, kwa kuwa alikuwa akitaka. Siku ya nne hakuweza kusimama, na fizi zake zilikuwa zimepauka kama karatasi.

Mwalimu Kadzo anakikumbuka kisa hicho vizuri. "Nilidhani mtu kamtilia sumu. Dalila akaja mwenyewe, akanitajia kila alichotia humo, hakuficha kitu. Nikampigia simu daktari wa mifugo nikamsomea yote. Aliposikia vitunguu, akasema mlete sasa hivi. Angenificha, Bosi asingepona. Mtu kama huyo unamfukuza vipi?"

Hakumfukuza. Bosi alipopata nafuu, alimpeleka Dalila kwa daktari huyohuyo wakaketi naye. Dalila akafunzwa kuwa kitunguu, hata kidogo, humharibia mbwa damu, kwamba chumvi nyingi humuua kwa kiu, kwamba mfupa uliopikwa huvunjika vipande vikali tumboni. Akafunzwa pia cha kumpa: samaki mbichi wa siku hiyo, achemshwe na kutolewa miba, ini kidogo mara moja moja, boga, viazi vitamu, wali wa kiasi. Baada ya miezi mitatu Bosi aliota manyoya mapya. Jirani akauliza, na jirani wa jirani akauliza.

Leo wateja humwita hata kumuuliza kuhusu vyakula vya mifuko. Yeye huwaambia wasinunue kilichofunguliwa, waangalie tarehe, na kama kitu cha kwanza kilichoandikwa kwenye mfuko ni mahindi badala ya nyama au samaki, waurudishe kwenye rafu. Na wanuse: mafuta yaliyochacha hayajifichi.

"Nimshukuru Mungu, halafu Mwalimu, halafu Bosi," anasema. "Bosi ndiye aliyelipa ada ya masomo yangu."

Ila siku Bi Mwanaharusi alipotambua kuwa binti yake anapikia mbwa kwa ujira, aliacha kutia mkono katika chakula chake. Dalila alinunua masufuria ya mbwa na kuyaweka mbali na ya nyumbani. Akaeleza kuwa samaki ni halali, kuwa mbwa hafiki jikoni, kuwa bakuli halirudi. Bi Mwanaharusi alisikiliza mpaka mwisho. Mchana ule ule sahani ya kwanza ikatoka kwa Ummi.

Bi Mwanaharusi, mwembamba, mwenye macho makali, hakatai kulizungumzia. "Sikumkataa mtoto," anasema. "Nilikataa jiko. Mchu ana moyo wake. Sheria nilijua iko pamoja naye, lakini koo langu halikupitisha."

Miaka mitano ikapita hivyo. Mama na binti walicheka pamoja, walisali pamoja, waliuguzana. Ulipofika wakati wa kula, walitengana.

Mwaka jana muuzaji samaki wa Dalila aliugua, naye akanunua vibua kwa mchuuzi mmoja aliyepita na baiskeli. Walikuwa na barafu, macho angavu, mashavu mekundu, bei nafuu. Akawachemsha. Bi Mwanaharusi alikuwa ameketi kizingitini akivuta uradi kwa tasbihi. Akanyamaza katikati, akanusa. Akainuka.

"Wametoka wapi hawa?"

"Kwa mchuuzi, mama. Wazuri, angalia macho yao."

Bi Mwanaharusi hakuangalia macho. Alitia mkono ndani ya karai la mbwa, akamega kipande, akakiweka kwenye ncha ya ulimi. Akangoja ulimi useme. Kisha akatema na kusukutua.

"Yawasha," alisema. "Hawa wamelazwa juani, ndipo wakatiwa barafu. Barafu haifuti jua."

Kila Mbajuni mzee anajua kuwa kibua akipigwa na jua humwasha mlaji midomo, humvimbisha uso, na wakati mwingine humlaza. Kupika hakuondoi. Dalila alilijua pia, lakini aliamini macho ya samaki. Akalimwaga karai lote shimoni, akafukia. Siku hiyo wateja kumi na wanane walikula mayai na viazi vitamu, na kwenye kila lango Dalila alieleza kwa nini.

"Kama si mama, ningewaumiza wote kwa siku moja," anasema. "Nani angenifungulia lango tena? Kazi ingekufa, na mimi ningestahili."

Ulimi uliolikataa jiko hilo miaka mitano ulikuwa umegusa chakula cha mbwa. Alfajiri iliyofuata, Dalila alipochukua ndoo kwenda kutafuta samaki, alimkuta Bi Mwanaharusi amejifunga buibui, amesimama mlangoni.

"Ndoo, twende," akasema, kwa maana ya njoo. "Wewe huna jicho."

Tangu hapo huenda wote wawili mahali mashua zinapotua. Wavuvi walimdharau mwanzoni. Sasa wanamwekea kiti. Anapenyeza kidole kwenye shavu la samaki, anabonyeza tumbo, anatikisa kichwa, na mvuvi anamtoa huyo pembeni bila kubishana. Ile kazi aliyonyang'anywa Kismayo pamoja na kila kitu, ameipata tena Mtwapa, na wanaofaidi ni mbwa.

Ukimtania kwa hilo, hakasiriki. "Kiumbe kisichoweza kusema kimeumwa na nini, ndicho cha kuchaguliwa vyema zaidi," anasema. "Mchu atalalamika. Mbwa atalala tu pembeni akuangalie."

Dalila anasema amemwona mama yake akirudi kuwa yule wa zamani: sauti imepanda, mgongo umenyooka. Asubuhi hizo amemshukuru Mungu kwazo kuliko fedha yoyote. Lakini adhuhuri kawa bado inapita mbele ya mlango wake, na Ummi, mwenye roho nzuri, huinamisha macho akipita.

Mipango yake si mikubwa. Anataka friji ya kugandisha, ili vibua wasingoje joto la mchana. Anataka kumfundisha mwanamke mwingine aliyepitia kambini hiyo kazi, kwa kuwa maombi ya wateja yamemzidi. Akishayataja hayo huzungusha upawa, kisha hutaja lile lililo moyoni. Ramadhani imebaki wiki mbili. Angependa mama yake afuturu kwake.

"Sijamuuliza," anasema kwa sauti ya chini. "Naogopa. Nikiuliza akakataa, itakuwa amenikataa mara mbili."

Bi Mwanaharusi yuko kizingitini, hatua chache tu, na masikio yake hayajazeeka. Mwandishi anamgeukia na kumuuliza mwaka huu atafuturu wapi.

Anakunja tasbihi yake, anaitia mfukoni mwa gauni, anamtazama binti yake aliyeinamia karai asithubutu kugeuka.

"Kwani mimi nina mabinti wangapi?" anauliza.

Dalila anafuta macho kwa kiwiko, maana vidole vyake vimejaa samaki. "Mmoja, mama."

"Basi," anasema Bi Mwanaharusi. "Mwambie Ummi apumzike."