Nusu Dhiraa ya Jaglal

Jaglal Mandal ndiye mpima ardhi pekee wa kijiji chetu, na ni jirani yangu ukuta kwa ukuta. Serikali ilipoamuru daftari la ardhi liunganishwe na ramani ya idara ya tuta la kuzuia mafuriko katika kompyuta moja, yeye ndiye aliyeingiza vipimo vyetu. Alipongezwa, akanywa chai na wakubwa.

Zamani mashamba yalipimwa kwa laggi, ufito wa mwanzi. Magharibi ya mto Kosi laggi ni dhiraa saba. Kwetu mashariki ni sita na nusu. Hata watoto wanajua. Jaglal, aliyesomea kazi magharibi, aliandika saba kote. Nilimwambia haraka haraka haina baraka, lakini nani humsikiliza jirani?

Basi kwenye kompyuta mashamba yetu yakarefuka, yakasukumana mpaka la mwisho likaingia kwenye tuta. Hilo la mwisho ni la dada mjane wa Jaglal, Phulo. Notisi ikaja: nyumba yake ibomolewe Jumanne.

Phulo alikuja kwa Jaglal mikono imejaa unga wa dengu.

"Kaka, tuta liko hatua arobaini kutoka jikoni kwangu. Hao wana macho kweli?"

"Kompyuta inasema…"

"Hiyo kompyuta imewahi kula kwangu?"

Jaglal alijua kosa ni la nani. Akisema ukweli, kazi imekwenda; akikaa kimya, dada hana paa. Mimi, pamoja na hasira zangu zote, nilimhurumia.

Jumatatu alichomoa laggi ya marehemu baba yao darini. Tukaibeba wawili hadi ofisini kwa Injinia Thakur wa idara ya tuta.

"Mheshimiwa, kosa ni langu. Pima mwenyewe."

Injinia alipima, akaguna. "Kweli, sita na nusu. Ila marekebisho lazima yatiwe sahihi na mpima ardhi wa kijiji."

"Nipo hapa. Nipe kalamu."

"Wewe umekiri kosa. Umesimamishwa kazi kuanzia sasa."

"Sasa nani atatia sahihi?"

"Si nimekwambia? Mpima ardhi wa kijiji."

Nilitamani kumpiga na ule ufito.

Tuliporudi, Phulo alikuwa ameshahamishia vyombo vyake uani kwa Jaglal.

"Wamekubali, kaka?"

"Wamekubali kwamba nyumba yako haiko kwenye tuta."

"Mungu ashukuriwe! Basi nivirudishe vyombo?"

Jaglal aliitazama laggi mkononi.

"Hapana," alisema. "Viache hapo hapo."