Tanuru la Chupa na Lori la Mdogo Mtu

Tanuru la chupa halizimwi, bwana. Likipoa, kioo huganda humo ndani kikawa jiwe moja, na tanuru limekufa. Mzee Moto, fundi mkuu wa kiwanda cha chupa, alililinda miaka ishirini na miwili. Hata siku ya harusi yake alitoroka kwenda kulichungulia.

Vita vikaja, vikafunga barabara ya bandarini, mafuta yakawa hayaonekani. Viwanda vya soda vikafunga milango. Kiwanda cha Mzee Moto kikabaki na oda ya chupa za dawa, na mafuta ya kuwasha tanuru kwa siku tatu tu.

Na nani aliyenona wakati huo? Mdogo wake! Mshona magunia, yule aliyefeli shule mara mbili, sasa anawauzia wanajeshi magunia ya kujaza mchanga. Magunia, jamani! Kanunua na lori. Mama yao naye hakujua kunyamaza: "Mwenzako kaniezekea bati jipya." Mzee Moto alimwonea mdogo wake wivu mpaka chakula hakishuki.

Siku ya tatu asubuhi mlinzi akaja mbio. "Mzee, mdogo wako yuko getini na lori."

"Kaja kuniringia."

"Anasema ame..."

"Mwambie sipo!"

Akachungulia dirishani. Lori jekundu, jipya, limefunikwa turubai, likageuza taratibu na kuondoka. Mzee Moto akajisikia raha, ile raha ya mtu mwenye kisirani.

Adhuhuri mafuta yakaisha. Kufika kesho yake kioo kilikuwa kimeganda, nyundo ikigonga inadunda. Wafanyakazi themanini wakabeba vyombo vyao vya chakula wakatoka, na fundi mmoja mtu mzima alilia waziwazi.

Mlinzi alipoingia zamu alisimama mlangoni, akashika kichwa. "Lakini mzee, kwa nini jana ulirudisha yale mapipa?"

"Mapipa gani?"

"Ya mafuta! Wanajeshi walimlipa mdogo wako kwa mafuta, akakuletea yote. Lori zima. Alisema, 'Kaka asije akazimikiwa.'"

Mzee Moto akaketi chini. Na hapo, Mungu amsamehe, kabla hajawawaza wale themanini, kabla hata ya tanuru lake, kilichomjia kwanza ni hiki: lori zima! Yaani mtoto yule ana mafuta ya kujaza lori zima!